Mafuta hayazibi mshipa, kinachoziba ni damu iliyoganda

Muulize mtu yeyote kwenye daladala mshtuko wa moyo unatokeaje, atakwambia mafuta yamejaa kwenye mshipa mpaka damu ikakosa njia. Kichwani mwake kuna bomba la sinki lililoziba kwa ukoko wa jikoni. Picha hiyo ndiyo inayouza maji ya limau, tangawizi na kitunguu saumu cha "kuyeyusha mafuta". Lakini mshipa si bomba. Mafuta hayanati juu ya ukuta wake; yanaingia ndani ya ukuta wenyewe, yanakaa humo miaka, na siku ukuta ukichanika, damu inaganda pale palipochanika. Donge hilo la damu ndilo linaloziba njia, tena kwa dakika chache. Ukishalijua hili, hata maswali unayojiuliza mbele ya sahani yanabadilika.

Tuanzie ukutani. Upande wa ndani kabisa wa mshipa umefunikwa na endothelia, tabaka lenye unene wa chembe hai moja tu. Wembamba huo usikudanganye. Endothelia inatoa oksidi ya nitriki, gesi inayoulegeza mshipa damu inapohitajika kwa wingi. Inazuia chembe sahani, zile zinazokimbilia kuziba jeraha, zisishikamane ovyo. Na ndiyo inayoamua kipi kipite kuingia ukutani na kipi kibaki kwenye damu. Presha, sukari na moshi wa sigara vinaichosha, na ikichoka inakuwa legevu kwa kila kinachopita.

Kolesteroli haitembei peke yake kwenye damu. Inasafiri ndani ya vifurushi vya protini, na vile vinavyoitwa LDL, ambavyo mitaani huitwa kolesteroli mbaya, ni vidogo kiasi cha kupenya endothelia. Vikiwa vingi kwenye damu, vingi vinapenya. Baadhi vinanasa chini ya tabaka hilo na kuharibika kwa oksijeni. Mwili unatuma chembe nyeupe zikavimeze. Zinameza mpaka zinavimba, na chini ya hadubini zinaonekana zimejaa povu. Zinafia humohumo, zinaacha rojo la mafuta, na mwili unalifunika rojo hilo kwa kifuniko cha nyuzinyuzi. Hiyo ndiyo plaki. Inaanza ujanani, haiumi, na kipimo cha umeme wa moyo cha mtu aliyepumzika kwa kawaida hakiioni.

Plaki inayoua si lazima iwe kubwa. Mara nyingi ni ile ambayo ilikuwa imepunguza njia chini ya nusu, lakini ina rojo jingi na kifuniko chembamba. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda ghorofa tano Jumatatu bila kuhema na akalazwa Jumanne. Kifuniko kikichanika, damu inakutana na rojo lililojaa protini iitwayo tishu fakta. Hii inaungana na fakta ya saba, mojawapo ya protini za kugandisha zilizo kwenye damu muda wote, na mnyororo unaanza: thrombini inatengenezwa, thrombini inasuka nyuzi za fibrini, chembe sahani zinajazana humo. Donge likiziba mshipa wa moyo, misuli iliyo mbele yake huanza kufa ndani ya muda wa nusu saa hivi. Likiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi.

Kwa hiyo chakula chenye mafuta mengi kinaingia kwenye habari hii kwa milango miwili. Mmoja ni wa miaka: kupandisha LDL na kujaza ukuta. Wa pili ni wa saa chache baada ya kila mlo, na huu watu wengi hawajausikia.

Saa chache baada ya chipsi mayai

Piga hesabu ya sahani moja. Chipsi za gramu 200 zilizokaangwa kwenye mafuta mengi hubeba kama gramu 30 za mafuta. Mayai mawili, gramu 10. Kijiko kikubwa cha mafuta cha kukaangia yai, gramu 14. Umeshafika gramu 54 kabla hujaongeza mishikaki wala kachumbari ya mayonizi.

Kiwango hicho kinakaribia sana kile ambacho Robert Vogel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland walikijaribu mwaka 1997. Waliwapa watu kumi wenye afya njema mlo wa kalori 900 wenye gramu 50 za mafuta, na siku nyingine mlo wa kalori zilezile usio na mafuta. Kipimo chao ni rahisi kukieleza: unafunga mkanda wa kupimia presha mkononi, unaubana dakika tano, unauachia, kisha unaangalia kwa ultrasaundi mshipa wa mkono umepanuka kiasi gani damu inaporudi kwa kasi. Mshipa wenye endothelia nzima unapanuka vizuri. Baada ya mlo wa mafuta, upanukaji ulishuka hadi karibu nusu, na hata saa ya nne baada ya kula ulikuwa haujarudi. Baada ya mlo usio na mafuta, haukutikisika.

Kinachotokea ndani ni hiki. Mafuta ya mlo huingia kwenye damu ndani ya vifurushi vikubwa viitwavyo kilomikroni, na trigliseridi, yaani mafuta yenyewe yaliyomo kwenye damu, hufika kileleni kati ya saa ya tatu na ya nne baada ya kula. Mchukue damu mtu huyo wakati huo, izungushe kwenye mashine ya maabara mpaka chembe nyekundu zitulie chini: maji ya juu, ambayo kwa kawaida ni ya manjano maangavu, yanaweza kuwa na ukungu mweupe. Mafundi maabara wanaijua sana sampuli hiyo, kwa sababu inawaharibia vipimo vingine.

Damu ikiwa katika hali hiyo, fakta ya saba inaamshwa zaidi ya kawaida, na hili limeonekana kwa mafuta ya aina zote, ya wanyama na ya mimea. Usiogope kupita kiasi hapo. Fakta ya saba iliyoamka haianzishi donge peke yake, inasubiri tishu fakta, na mtu ambaye plaki yake haijachanika hana tishu fakta inayoelea mbele yake. Ubaya wake ni kwa yule ambaye plaki yake tayari iko tayari kuchanika: siku ikichanika, damu inakuta kila kitu kimeshapangwa. Kwa mwenye kitambi na trigliseridi za juu kila siku kuna tatizo la ziada, nalo ni PAI-1, protini inayozuia mwili kuyeyusha madonge madogo yanayojitokeza. Kwake donge linajengwa upesi na linabomolewa polepole.

Kuna watafiti waliowapa watu vitamini C na E kabla ya mlo wa mafuta, na endothelia haikulegalega. Habari nzuri, ila majaribio makubwa ya miaka mingi ya vidonge vya vitamini E hayakupunguza mshtuko wa moyo. Kinachorekebisha mkono wa mtu kwa saa nne hakirekebishi moyo wake kwa miaka kumi. Kumbuka hilo kila unapouziwa virutubisho. Kutembea ni tofauti: mazoezi ya mwendo wa haraka jioni ya leo hupunguza trigliseridi za mlo wa kesho kwa kiasi kinachopimika, kwa sababu misuli iliyofanya kazi inayanyonya mafuta kutoka kwenye damu haraka zaidi. Ukijua kesho kuna harusi na pilau, tembea leo.

Dumu la lita tano

Mlango wa kwanza, ule wa miaka, unategemea zaidi aina ya mafuta kuliko wingi wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba, yale ambayo huganda yakipoa, yasizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na mafuta ya transi yasizidi asilimia 1. Kwa mtu wa kalori 2,000 ni kama gramu 22 na gramu 2.

Sasa lete dumu. Familia ya watu watano inamaliza lita tano kwa mwezi. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo ni gramu 4,600 kwa siku 30 na watu watano: gramu 31 kwa mtu kwa siku, vijiko vikubwa viwili na kidogo. Kama ni mafuta ya mawese, hapo kuna gramu 13 hadi 15 zilizoshiba, na bado hujahesabu nyama, maziwa wala maandazi ya kununua. Kama ni alizeti, ni gramu 3 na ushei. Dumu ni lilelile, mchuzi ni uleule.

Mafuta mengi ya bei nafuu madukani ni ya mawese yaliyosafishwa, hata kama lebo imeandikwa tu mafuta ya mimea. Utayajua asubuhi ya baridi, kwa watu wa Njombe, Mbeya au Limuru: yanafanya ukungu chini ya dumu au yanaganda kabisa, wakati alizeti ya Singida inabaki maji. Mawese mekundu ya Kigoma, Burundi na Kongo yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A na ambayo yaliyosafishwa yameipoteza, lakini upande wa mafuta yaliyoshiba ni ndugu: karibu nusu. Samli ni kama asilimia 60, na mafuta ya nazi yanapita 80.

Nazi inanipa shida kuieleza kwa watu wa Pwani, maana ukiigusa umegusa nyumba. Mafuta ya nazi yanapandisha LDL kuliko mafuta ya mimea yasiyoshiba. Yanapandisha na HDL, ile iitwayo kolesteroli nzuri, ndiyo, ila kupanda kwa HDL kwa njia hiyo hakujaonyesha kulinda moyo. Kikombe kimoja cha kasimile, lile tui zito la kwanza, kina zaidi ya gramu 50 za mafuta, na karibu yote yameshiba. Sisemi uache wali wa nazi. Pika wali kwa tui la pili na la tatu, kasimile iweke kwa siku maalumu, na usipike wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa kupaka kwenye sahani moja.

Mafuta ya transi ndiyo pekee ambayo hayana utetezi: yanapandisha LDL na kushusha HDL kwa pamoja. Mengi yanatokana na mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa hidrojeni. Soma orodha ya viungo kwenye mafuta ya kopo, biskuti na keki. Ukiona hydrogenated, rudisha rafuni.

Ukibadilisha, badilisha kwa kitu. Aliyepunguza samli akajaza pengo kwa soda na mkate mweupe hajapata faida ya maana. LDL inashuka kidogo, trigliseridi zinapanda. Badala yake weka alizeti, ufuta, karanga, parachichi, maharage. Hispania walifanya jaribio kubwa la zaidi ya watu 7,000, PREDIMED, lililochapishwa 2013, likaondolewa kwa kasoro za upangaji wa washiriki na kuchapishwa upya 2018 likiwa na jibu lilelile: waliokula vijiko vinne au zaidi vya mafuta ya zeituni kwa siku, au gramu 30 za njugu, walipata magonjwa ya moyo na kiharusi pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko walioshauriwa kupunguza mafuta. Huo ni mlo wenye mafuta mengi. Zeituni kwetu ni ghali, lakini gramu 30 za karanga za kuchemsha au kukaanga bila mafuta, sawa na konzi moja, unazipata kituo cha basi.

Karai la siku tatu

Hapa ndipo ninapoona watu wanakosea zaidi, kwa sababu wanahesabu aina ya mafuta na kusahau umri wake. Mafuta ya kukaangia yanaharibika kwa njia tatu kwa pamoja. Maji ya viazi yanayavunja na kutoa asidi huru, hivyo yanaanza kutoa moshi mapema. Hewa inayaoksidisha, na hapo zinatoka aldehidi, kemikali zinazoudhi endothelia. Na joto linayaunganisha kuwa minyororo mirefu, ndiyo ule ukoko wa kahawia unaonata pembeni mwa karai na hautoki kwa sabuni.

Ujerumani na Ufaransa huhesabu mafuta kuwa hayafai tena yakifikisha misombo ya kipola, yaani mabaki ya mafuta yaliyoharibika, asilimia 24 au 25. Sisi mtaani hatuna kipimo hicho, lakini dalili zipo: povu linalopanda na kukataa kushuka baada ya viazi kuacha kuchemka, moshi kwa moto uleule ambao jana haukutoa moshi, harufu ya rangi ya kupaka, na kumiminika kwa uzito. Ukiona mbili kati ya hizo, mwaga.

Kwa mkaangaji anayetaka mafuta yake yadumu: joto libaki kati ya nyuzi 170 na 180 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Kipande cha kiazi kikitupwa kinapaswa kuibuka na kuchemka mara moja bila mafuta kutoa moshi. Viazi vikaushwe kwa kitambaa kabla ya kuingia. Chumvi itiwe sahanini, kamwe siyo juu ya karai. Vipande vinene, maana vyembamba vinanyonya mafuta zaidi kwa uzito uleule. Karai lenye kutu au la shaba liache, vyuma hivyo vinaharakisha uharibifu. Jioni mafuta yachujwe yakiwa vuguvugu, yafunikwe, yakae gizani. Kuongeza mafuta mapya juu ya yaliyochoka hakuyaokoi ya zamani, kunayaharibu mapya upesi.

Na hapa alizeti inapoteza: haipendi kukaangiwa mara nyingi, inaoksidika haraka kuliko mawese. Nyumbani itumie kwa mchuzi na kukaanga mara moja, mbili ukiichuja vizuri, basi.

Hoja ya Wamasai

Kila mjadala wa mafuta hapa Afrika Mashariki unafika kwa Wamasai: maziwa, nyama, damu, na mioyo mizuri. Daktari Mmarekani George Mann aliwachunguza Tanzania miaka ya 1960 na kukuta kolesteroli yao iko chini. Watu huishia hapo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimasai waliokufa: plaki zilikuwepo, tena si haba, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosonga, na plaki zilizochanika zilikuwa nadra. Mann aliamini ni ule mwendo wao wa kutwa nzima. Anayeitumia hoja hii akiwa amekaa ofisini kwa muda wa saa tisa na kurudi kwa bodaboda amechukua nusu ya mlo na kuacha nusu ya maisha.

Kwa hiyo kwa wanaoacha wanga na kula mafuta kwa wingi ili kupungua: kwa wengi uzito unashuka, sukari inashuka, trigliseridi zinashuka. Lakini kwa baadhi, hasa wembamba, LDL inaruka vibaya, na huwezi kujua wewe ni yupi kwa kujisikia. Pima kabla ya kuanza, na rudia baada ya wiki 8 hadi 12.

Kwenye karatasi ya majibu angalia kwanza uniti. Kolesteroli ya mg/dL igawanye kwa 38.7 upate mmol/L. Trigliseridi igawanye kwa 88.6. Kwa mtu asiye na ugonjwa wala hatari kubwa, LDL chini ya 3.0 mmol/L ni nzuri. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha mshipa kuziba analengwa chini ya 1.4 kwa mwongozo wa Ulaya, na hapo chakula peke yake kwa kawaida hakifikishi, dawa za statini, za kushusha kolesteroli, zinahitajika. Trigliseridi zianzie kuangaliwa zikipita 1.7. Zikipita 4.5, LDL ambayo maabara imeipata kwa kukokotoa haiaminiki, omba ipimwe moja kwa moja au rudia ukiwa umefunga saa 9 hadi 12.

"Damu nzito" haimo kwenye karatasi hiyo. Hakuna kipimo kimoja cha kawaida kinachosema chakula chako kimeifanya damu igande zaidi, na INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, haioneshi hilo. Usianze aspirini ya miligramu 75 kila siku kwa sababu ya neno hilo. Kwa mtu ambaye hajawahi kuugua moyo, hasa akishapita miaka 60, hatari ya kutokwa damu tumboni au kwenye ubongo huwa inakula faida yote. Aliyeandikiwa baada ya mshtuko wa moyo ni habari nyingine, asiache bila daktari.

Donge la mguuni, la mishipa ya vena inayorudisha damu kwenye moyo, nalo tulitenge. Hilo linatokana zaidi na damu kutulia au kuwa rahisi kuganda: kulala hospitalini baada ya upasuaji, ujauzito, saratani, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Chakula kinaligusa kwa kupitia unene, ambao huongeza hatari yake takriban mara mbili. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, usikandwe wala kuchuliwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na wale wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakiwemo wengi wenye vali za moyo za bandia kutokana na homa ya baridi yabisi: mboga za majani zina vitamini K inayoipunguza nguvu dawa hiyo, na vitamini K inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Mchicha, sukuma wiki, matembele na kisamvu havikatazwi. Kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kwa upishi uleule. Ukitaka kubadilisha, iwe ni kuongeza mboga au kuacha kuziunga kwa nazi, iambie kliniki kwanza na INR irudiwe ndani ya wiki moja au mbili.